Faluda ya Raya

"Penye ulaini, tone hupata kiti." Mmeisikia leo kwa shangazi yenu, wajukuu zangu, mkataka kujua ilikozaliwa. Ilizaliwa jikoni, hapa hapa Wete.

Raya aliolewa na mwanamume aliyefiwa na mke, mwenye binti aitwaye Sichana. Raya hakuwa mbaya. Alimfulia mtoto, akamsuka nywele. Ila kila neno lake lilikuwa amri: kaa, kula, nyamaza. Sichana akanyamaza kweli, akasema Idi ikipita atahamia kwa bibi yake, kule Konde. Raya ilimuuma, maana alimpenda mtoto yule. Hakujua tu amshike vipi.

Siku moja kabla ya Idi, Raya akapika faluda, maziwa matamu ya kugandishwa. Kwa kuogopa kwamba haitaganda, akatia unga wa mwani wa kugandishia, kijiko juu ya kijiko. Ikawa ngumu. Alipoidondoshea sharbati ya waridi, matone yakateleza yote, yakamwagika mkekani.

Biubwa, wifi yake, akaibonyeza kwa kidole. "Wifi, hii faluda au kandambili?"

Sichana akaangua kicheko, kisha akaziba mdomo, akingoja kukemewa.

Raya naye akacheka mpaka akakaa chini. "Kandambili ya Idi, mwanangu! Mamako alikuwa akiipikaje? Hebu nifundishe."

Sichana akamtazama kidogo. "Mama alitia mwani kiasi tu. Alisema faluda hata ukiiita tu, itikisike."

Wakapika upya, mtoto ndiye mwenye mwiko. Ilipopoa, Sichana akadondosha tone moja, akainamisha sahani. Tone halikukimbia. Lilikaa pale pale; faluda ikabonyea chini yake, ikainua ukingo mwembamba kulizunguka.

"Tazameni, limekaa!"

"Litakosaje?" akasema Biubwa, akimwangalia wifi yake. "Penye ulaini, tone hupata kiti."

Raya akamfuta mtoto maziwa shavuni, safari hii bila kumwambia atulie.

Siku ya Idi bibi alikuja kumchukua mjukuu wake. Sichana akampokea na sahani mkononi.

"Bibi, kaa kwanza, ule faluda yetu."

"Yenu wewe na nani?"

"Mimi na Mama Raya. Kesho tunapika nyingine, kwa hiyo Konde nitakuja kutembea tu."

Bibi akala, akaomba sahani ya pili.

Ndiyo maana hapa kwetu, mtu akimpokea mwenziwe kwa upole, husemwa: penye ulaini, tone hupata kiti.