Siti ya Nyuma ya Subilaga

Kaeni vizuri, na mwenye karanga azimalize sasa, maana nikifika mwisho nitawauliza swali na sitaki mtu anijibu huku anatafuna. Tena nawaambia mapema, jibu mimi sina. Hadithi hii kila nikiisimulia watu wanagombana, na ndiyo maana naipenda.

Kulikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Ambilikile, dereva wa bodaboda, alikuwa na jicho: akiitazama pikipiki, kisha akimtazama mtu, anajua kama hao wawili watapatana. Tupokigwe alikuwa na mdomo. Jambo likipita kwake asubuhi, mchana liko kijiji cha pili, tena limenona. Na baba yake Tupokigwe, Mzee Mwaijande, alikuwa na sikio. Ujanani aliendesha pikipiki ya chama cha ushirika, na mpaka uzeeni, akisikia chombo kinapanda mlima, alikuwa anakuambia anayeendesha amekosea wapi.

Watu hao watatu walimwaibisha mwanamke mmoja. Watu hao hao watatu wakamwinua. Tatizo letu liko hapo.

Mwanamke mwenyewe ni Subilaga, mke wa mtoto wa Mzee Mwaijande. Mumewe alikuwa dereva wa lori, nyumbani anaonekana kwa nadra. Subilaga alikuwa mtaalamu wa mifugo, kazi yake kupandisha ng'ombe kwa mrija, na kule Rungwe juu, kwenye baridi, karibu kila nyumba ina ng'ombe wa maziwa. Sasa ng'ombe akiingia joto hasubiri mtu. Usipofika leo, kesho umechelewa, na mwenye ng'ombe anakaa bila ndama na bila maziwa. Kwa hiyo mtaalamu asiye na pikipiki ni kama hayupo.

Kabla hajaolewa Subilaga aliendesha vizuri tu. Kisha akaolewa, akazaa, akalea, pikipiki akaiweka kando miaka mingi. Watoto walipoanza shule, kikundi cha wafugaji kikamwita: rudi kazini, chagua pikipiki, sisi tutanunua.

Kabla sijaendelea, niwaambie desturi moja ya huko. Siku hizi wengi wameiacha, lakini nyumba ya Mzee Mwaijande hawakuiacha. Mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Hawasalimiani, hawali pamoja, na wakikaribia kukutana njiani mwanamke anaingia migombani, mzee anageuka. Si ugomvi, ni heshima. Tangu aolewe Subilaga hakuwahi kuutazama uso wa mzee yule, na jambo hilo lilimpa fahari kubwa kati ya wanawake wenzake.

Haya. Moyoni Subilaga alitaka pikipiki ndogo, ya chini, ya kurudia nayo kazi. Akaona haya kusema. Mtu mzima, mtaalamu, aonekane kama mwanafunzi? Akamuuliza Ambilikile. Na Ambilikile, mwenye jicho lake, alijua kabisa. Ila kulikuwa na pikipiki moja ndefu, ya kupandia milima, yenye kishindo, na siku nyingi alikuwa anatamani kuipanda yeye, walau wakati wa kuileta kutoka mjini.

"Mama Ipyana, hii ndiyo yako," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe. "Hii ni heshima."

Subilaga akaipanda. Ncha za vidole tu ndizo ziligusa chini, naye akaikubali hivyo hivyo.

Asubuhi ya kwanza akaenda nayo kituo cha maziwa, ambako wafugaji wote hupeleka maziwa yao. Kituo kile kiko kwenye mteremko. Akasimama, akashusha mguu upande wa bondeni. Mguu ukatafuta ardhi, haukuipata. Pikipiki ikalala taratibu, na yeye nayo, wakaingia kwenye madumu yaliyopangwa foleni, madumu yakamwagika, wakateleza na maziwa ya kijiji kizima, gauni limepanda juu, mpaka miguuni pa mtu mmoja aliyekuwa ameshika dumu lake.

Mnajua ni nani. Alikuwa Mzee Mwaijande.

Subilaga akainua macho, akauona uso wa mkwe wake. Na pikipiki ilikuwa juu ya mguu wa Subilaga, ekzosi inamchoma. Mzee ndiye aliyekuwa karibu kuliko wote. Angenyoosha mkono tu. Akashusha kofia usoni, akageuka, akaondoka, na dumu lake akaliacha pale pale. Walioinua pikipiki walikuja kutoka mbali.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililommaliza. Wangecheka, naye angecheka, yakaisha. Wao walisema "pole mama, pole sana," huku wanatazama maziwa yao yakiingia mtaroni. Tupokigwe siku hiyo hata kituoni hakuwepo, lakini mchana ule alikuwa ameshalisimulia sokoni, kisimani na kwenye mazoezi ya kwaya, na lile la gauni hakulisahau.

Aibu ikamkaa Subilaga mwilini. Akawa anaoga kila saa akidhani ananuka maziwa. Maji akawa anachota kwa kupitia nyuma ya nyumba za watu. Simu ikiita, mtu anasema ng'ombe wake yuko joto, anajibu kwamba anaumwa. Na kila akikigusa kidonda cha mguuni alikumbuka ule uso, akatamani ardhi ipasuke. Mzee naye akaacha kwenda kituoni, maziwa yake akawa anampa jirani ayapeleke. Nyumba mbili zikajifungia, kila moja inaionea haya nyingine.

Kikundi kikavumilia, kikachoka. Mwenyekiti akatamka mbele ya wote: mkutano ujao wanamchukua mtaalamu mwingine, isipokuwa Subilaga aje siku hiyo kwa pikipiki, apande ule ule mteremko wa kituo, na mtu amekaa nyuma yake.

"Mtu mwenye akili timamu akikubali kukaa nyuma yake," alisema, "na sisi tutamkabidhi ng'ombe wetu."

Wa kwanza kuja kwa Subilaga alikuwa Ambilikile. Alisimama mlangoni anachezea funguo, hamtazami.

"Mama Ipyana, nilikudanganya. Ile nilitaka kuipanda mimi."

Subilaga alichukua kitenge chake wakaenda mjini, kwenye uwanja wa pikipiki zilizotumika, wabadilishe ile ndefu. Muuzaji akawaonyesha moja inang'aa. Ambilikile akasema rangi mpya kwenye fremu ya zamani inaficha kitu, akapita. Nyingine akaigusa injini, akauondoa mkono haraka. "Hii umeiwasha kabla hatujafika. Nataka inayowaka ikiwa baridi." Mwisho akaiona moja ndogo, nyekundu iliyofifia, ina keria pana nyuma, ya aina ambayo spea zake zinauzwa mpaka dukani kwa muuza sukari. Akapiga kiki, ikawaka. Akaizima, akaitazama cheni, akazijaribu breki, akaigeuza shingo kulia na kushoto. Kisha akailaza kwenye nyasi.

"Inyanyue mwenyewe," akamwambia Subilaga.

Akainyanyua. Akaikalia, na nyayo zote mbili zikatua chini, visigino na vyote.

"Hii haitakufanya uonekane mkubwa," Ambilikile alisema. "Ila ikikuangusha mtainuka wote." Wenzake wa kijiweni, ambao aliwahi kuwatangazia kwamba yeye hakosei kuchagua, walimcheka sana alivyorudi na kale kapikipiki badala ya lile dume. Aliwaambia ukweli, kwamba alikosea kwa tamaa yake. Tangu hapo wateja wengi waliokuwa wakimchukua kwenda mjini kuwachagulia wakahamia kwa wengine.

Pikipiki ikawepo, lakini hofu ilikuwa imemsahaulisha Subilaga kuendesha. Akaipeleka uwanda wa nyuma, kando ya migomba ya mkwe wake, mahali ambapo hapapiti watu. Anaiwasha, inaruka, inazima. Anaiwasha, inaruka, inazima. Akaegemea usukani akalia.

Ndipo akasikia sauti migombani.

"Wewe mgomba," ilisema sauti, "mbona unaachia klachi kama unatupa kaa la moto? Iachie polepole, mpaka uisikie inakamata."

Subilaga akaganda. Alimjua, ingawa hakuwahi kusemeshwa naye. Mzee Mwaijande alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya migomba, mgongo ameugeuzia uwanja, anausemesha mgomba uliokuwa mbele yake. Subilaga alitaka kukimbia. Kisha akaiinamia pikipiki yake.

"Pikipiki," akasema kwa sauti ndogo, "umesikia tulichoambiwa?"

Ikaenda hivyo siku baada ya siku. Mzee hakugeuka hata mara moja. Alikuwa anasikiliza. "Mgomba, gia ya pili hiyo, usiibane." "Mgomba, kwenye mteremko simamia breki ya nyuma, mguu ushushe upande wa mlimani, usiushushe bondeni." Mvua ilinyesha, hakuondoka. Wazee wenzake walipata habari, wakasema Mwaijande amevunja heshima ya nyumba yake, kilabuni wakawa hawamsogezei kiti. Siku moja, Subilaga alipozunguka uwanja mzima bila kuzimisha, sauti ikaacha mambo ya klachi.

"Mgomba," ikasema, "siku ile ningenyoosha mkono. Nilikuwa na mkono."

Subilaga alizima injini, akaisukuma pikipiki taratibu mpaka nyumbani.

Sasa anaweza kuendesha, lakini uwandani tu. Akifikiria kituo cha maziwa, yale macho ya watu, anaizima. Hapo ndipo Tupokigwe alipoona kazi ya mdomo wake. Alimkuta wifi yake anafua gauni la siku ile, gauni safi kabisa, analifua tena. Tupokigwe hakusema kitu, na nyinyi hamumjui Tupokigwe, ila hiyo ni ajabu.

Kesho yake akaazima bodaboda ya Ambilikile. Hajui kuendesha, hajawahi. Akavaa sare yake ya umoja wa wanawake wa kanisa, ile ya Jumapili, akaenda nayo kituoni kwa kuisukuma, akaipanda pale juu, mbele ya foleni yote, akaachia breki. Alishuka nayo mpaka mtaroni, miguu juu. Alitoka ana tope mpaka kwenye nyusi na jino la mbele halipo.

Safari hii watu walicheka. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Na Tupokigwe, na pengo lake, akawasimulia wale wasioona, na jioni akawasimulia wa sokoni, na kila akisimulia anajiongezea aibu: sketi ilipanda hivi, nilipiga kelele vile. Wiki haikuisha, ukisema "aliyeanguka kituoni," watu wanakuuliza, "Tupokigwe?" Habari ya Subilaga ikafunikwa. Kwaya wakampa Tupokigwe jina la Mteremko, na kuongoza nyimbo wakampa mwingine, maana kila akisimama mbele watu walikuwa wanacheka. Hilo lilimuuma, alipenda sana kuongoza.

"Wifi," alimwambia Subilaga, kwa yale maneno yake mapya yenye kupuliza, "njia iko wazi. Pita."

Siku ya mkutano ikafika. Asubuhi hiyo simu ikalia: ng'ombe wa mwenyekiti mwenyewe yuko joto, na njia ya kwenda kwake inapita kituoni. Subilaga akafunga mtungi wa mbegu kwa mbele, kwenye tangi. Akapiga kiki, ikawaka. Siti ya nyuma ilikuwa tupu.

Ambilikile alikuwa ameshafika, kofia ngumu mkononi. "Mama Ipyana, chombo nilichagua mimi. Kila mtu pale anajua nilikupa ile iliyokuangusha. Wanione nimekaa kwenye hii, nipate kurudisha jina langu."

Tupokigwe akaja anakimbia, amevaa ile sare, imefuliwa. "Wifi, mimi nimekulipia kwa jino langu. Wamenicheka nikiwa peke yangu. Leo nipite pale nimekaa vizuri, na wewe umenibeba."

Subilaga akafungua mdomo ajibu, na migomba ikatikisika. Mzee Mwaijande akatoka kinyumenyume. Amefungua mwavuli, ameushusha mpaka mabegani, uso hauonekani, na mkononi ana dumu la maziwa. Alikuwa hajapeleka maziwa yake mwenyewe tangu siku ile. Akasimama mgongo ameuelekeza kwenye pikipiki, akauambia mgomba uliokuwa mbele yake:

"Mgomba, nisemee. Mtu anaweza kukaa nyuma ameangalia alikotoka. Mgongo kwa mgongo, hawaonani. Nilimwacha chini pale pale, watu wakiniona. Nataka wanione nimepanda naye."

Tupokigwe akashika mdomo. "Baba, wazee watakufukuza."

Mwavuli haukutikisika.

Basi. Akimchukua Ambilikile, kweli, bila jicho lake asingekuwa na cha kupanda. Akimchukua Tupokigwe, bila pengo lake asingethubutu kupita. Akimchukua mzee, bila sikio lake asingejua hata kuiachia klachi. Lakini hapo ameibeba heshima yote ya nyumba mgongoni, mchana kweupe, na desturi aliyoishika miaka yote anaihatarisha mbele ya watu. Na kila mmoja wao, msisahau, alikuwa anatengeneza alichokiharibu mwenyewe. Labda mtaniambia hakuna anayestahili. Mwenyekiti lakini amesema lazima mtu akae.

Mimi nimemaliza yangu, zamu ni yenu. Wewe uliyenuna, na wewe mwenye karanga: siti ni moja, ungemwambia nani apande? Msichelewe. Ng'ombe yuko joto, injini inaunguruma, na Subilaga ameshusha mguu wake upande wa mlimani. Umefika chini. Anawasubiri nyinyi.