Nyenje Mtunzi na Kaburi la Mtama

Paukwa!
Pakawa!
Ukumbi wa nani?
Wa Fisi!
Nyimbo za nani?
Za Nyenje!
Na njaa je?
Ya Nyenje vilevile!

Basi tegeni sikio. Fisi alikuwa na ukumbi wa michezo ya kuigiza kwa nyimbo. Nyimbo zote alizitunga Nyenje, mdudu asiyezidi kidole. Nyenje alitunga, krii, krii, krii. Fisi aliimba, uuu-wii! Watazamaji waliinuka, wakajitikisa hadi mbele, wakamtunza Fisi mtama, konzi kwa konzi. Na Nyenje, nyuma ya pazia, alilala njaa.

Siku moja akamwendea. "Bwana Fisi, na mimi nipate fungu."

"Fungu gani? Kila wimbo nilikupa kibaba, yakaisha. Mtu akishauza ng'ombe, hurudi kila asubuhi kuomba maziwa?"

"Wanangu saba hawajala, bwana."

"Na jina lako ninavyolitaja kila siku, hulioni hilo?"

"Jina haliliwi."

"Lichemshe kwanza!"

Mke wa Fisi akacheka hadi akashika mbavu. Na yeye, majirani wanasema, hata kanga aliyovaa ilitoka kwenye wimbo wa Nyenje. Haya, tuyaache.

Ijumaa iliyofuata kitinda mimba wa Nyenje akafa kwa njaa, huku ukumbini Fisi akiuimba wimbo uleule aliotungiwa mtoto huyo ili alale.

Fisi akaja matangani. Akakaa mkekani, akamnong'oneza mfiwa: "Pole, Nyenje. Lakini uchungu huo usiupoteze bure. Nitungie mchezo wa msiba. Kilio hutunzwa kuliko kicheko."

Nyenje akawatazama wanawe sita waliobaki. "Nitatunga, bwana. Nawe uwe marehemu."

"Marehemu naye hutunzwa?"

"Kuliko wote! Utalala kaburini, kila mtu akutupie konzi tatu, kama mazikoni. Ila zitakuwa za mtama."

Mate yakamdondoka Fisi. "Basi shimo liwe refu!"

Likachimbwa refu.

Siku ikafika. Fisi akavishwa sanda. Akafungwa kichwani, akafungwa kiunoni, akafungwa miguuni, akashushwa. Nyenje akaanza, krii, krii, krii, ukumbi mzima ukaitikia:

*Mwageni, mwageni,*
*marehemu hajashiba!*

Chwaaa! Mtama ukafunika miguu. Chwaaa! Ukafunika tumbo. Chwaaa! Ukafika shingoni.

"Basi! Nakufa!" Fisi akalia.

"Loo, leo anaigiza huyu!" akasema Mama Kicheche, akafuta machozi, akaongeza konzi.

Kadiri alivyolia, ndivyo walivyomtunza.

"Nyenje! Malizia wimbo, ndugu yangu!"

Leo ndugu! Nyenje akainama ukingoni. "Ubeti wa mwisho sijautunga, bwana. Ulinikuta msibani."

Chwaaa!

Watazamaji walipokwenda zao, Nyenje na wanawe sita wakaanza kula, kutoka juu. Wakala mwaka mzima, krii, krii, krii. Walipokaribia chini, wakaacha.

Funzo lake, wajukuu: mwenye ukumbi ni mtu wa kuonewa huruma. Mtunzeni sana, na mtunzi asidai chake.

Hadithi nimeifunga hapo, mafundo matatu. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe.