Nungunungu, Mbuni na Hodi ya Tatu

Paukwa!
— Pakawa!
Mko macho?
— Macho na masikio!
Basi tulieni, hasa wewe unayetafuna.

Hapo kale, si kale sana, meli za chuma zilikuwapo tayari, Nungunungu wa Pangani alinaswa akapelekwa Ulaya, kutazamwa na watu nyuma ya wavu. Shimoni alimwacha mwanawe ananyonya. Moyo ulimuuma kila siku. Akamwambia jirani yake, Mbuni, "Dada, mimi narudi kwa mwanangu." Mbuni akasema, "Twende." Wakatoroka.

Mlinzi wao, Kheri Mshangama, naye mtu wa Pangani, akawafuata na kamba.

Wakafika Lisboni, wakajificha ghalani. Nje, "Hodi!" Nungunungu akajibu, "Karibu!" Wakarukia dirishani. Manyoya ya mkia wa Mbuni yakabaki mkononi mwa Kheri.

Wakafika Iskandaria, wakajificha jikoni. "Hodi!" "Karibu!" Hapo yakabaki manyoya ya bawa.

"Una wazimu wewe?" Mbuni akafoka.

"Mtu apige hodi, ninyamaze? Kwani sikulelewa?"

Wakafika Maskati, wakajificha chumbani kwa muuza halua. Mlango mmoja, dirisha hakuna. "Hodi!" Nungunungu akajiziba mdomo. "Hodi!" Akauma ulimi. Nanyi mnajua, hodi ni tatu. Mtu asipojibiwa huenda zake. "Hodi!"

"Karibu ndani!"

Mbuni akafumba macho.

Kheri akaingia. "Leo mmekwisha."

"Tumekwisha, baba. Lakini umeshakaribishwa. Utatoka bila kuonja kitu?"

Kheri akaona haya, akaketi. Akapakuliwa halua ya moto, akala, vidole vikanata.

"Usiinuke," akasema Nungunungu. "Tunakuletea maji ya kunawa."

Wakatoka wote wawili, mmoja kwa ajili ya birika, mmoja kwa ajili ya bakuli. Haya, mngekuwa ninyi mngeinuka? Kheri hakuinuka. Alingoja, mkono juu, mpaka meli ya Pangani ikang'oa nanga.

Nungunungu akafika shimoni kwake. Mlangoni amesimama nungunungu mkubwa, miiba mirefu.

"Unamtaka nani, mama?"

"Mwanangu. Nilimwacha mdogo, ananyonya."

Yule akamtazama sana. "Ndiye mimi. Mbona umekawia?"

Nungunungu akalia palepale. Mbuni naye akalia, na wala hakuwa jamaa.

Ngano imefika kwao. Utamu wake gawaneni, uchachu wake nirudishieni mwenyewe.