Kindi na Shamba la Darini

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa nini?
— Pakawa nyumba!
— Na juu ya nyumba?
— Dari!
— Na darini kuna nini?
— Tuambie wewe! Mdomo unao, masikio tunayo!

Basi yategeni. Hapo kale, wala si kale sana maana umeme ulikuwa umeshafika, Fisi alikuwa na nyumba ya bati pembezoni mwa mji wa wanyama. Chini alikaa yeye. Darini alikaa mpangaji wake, Kindi, pamoja na mama yake mzazi, Bibi Nyamkia, na vitoto viwili vichanga ambavyo vilikuwa havijafumbua macho. Kila asubuhi Kindi alimfagilia Fisi uwanja, akamwashia moto, kisha akapanda kwao. Maisha yakaenda hivyo.

Siku moja ya masika, mvua inamwagika chwaa, chwaa, Kindi akasikia mpini wa ufagio ukigonga dari kutoka chini. Ngo! Ngo! Ngo!

"We Kindi!"

"Abee, baba mwenye nyumba."

"Shuka! Wewe na mama yako na hivyo vitu vyako visivyo na macho. Dari naitaka."

Kindi akachungulia kwenye tundu la ngazi, mkia umemsimama.

"Baba, kwa mvua hii? Wanangu nitawapeleka wapi?"

"Mimi nikuulize wewe?"

"Na dari unaitakia nini?"

Fisi akatazama mlangoni, akatazama dirishani, kisha akashusha sauti. "Nataka kulima bangi."

"Darini?"

"Darini! Shambani wataiona. Uani wataiona. Darini nani ataiona?" Akachukua kijiti, akachuchumaa, akachora kwenye majivu ya jikoni. "Tazama. Hapa taa kubwa, maana jua halifiki. Hapa feni, harufu isije ikatusema. Dirisha nalifunika blanketi. Hapa ndoo ya udongo, hapa ndoo, hapa ndoo, hapa ndoo."

"Na hapa katikati?"

"Ndoo!"

Alichora kama mtoto achoraye nyumba ya ndoto zake, ulimi nje, macho yanang'aa. "Miaka yote mji mzima unanicheka, Kindi. Fisi mla mifupa. Fisi kibogoyo wa heshima. Nikivuna, nitakula minofu mitupu, na mifupa nitawatupia wao. Hii hii hiii!"

Kindi akamtazama, na ingawa alikuwa na hofu, akamwonea huruma kidogo. Kuchekwa si kitu chepesi.

Fisi akashika ngazi ya mianzi akapime urefu wa bati. Akakanyaga kidato cha chini, kwee. Akakanyaga cha juu yake, kwee. Akakanyaga kingine, kaa! Na Fisi pwata, kwenye majivu, juu ya shamba lake lote.

Kindi akashuka akampangusa. "Pole, baba. Sasa nani atapanda huko juu kumwagilia?"

Fisi akawaza. Akajikuna. Akawaza tena.

"Wewe," akasema. "Utatunza mimea yangu, nami nitawaacha mkae kwenye kona. Ikinawiri, mnabaki. Ikifa, nakula vitoto vyako kwa chumvi."

Kindi angesema nini? Mwenye nyumba ni mwenye nyumba. Akasema, "Haya."

Basi Fisi akabeba, Kindi akavuta kwa kamba. Fisi akabeba ndoo, Kindi akavuta. Fisi akabeba udongo, Kindi akavuta. Fisi akabeba taa, Kindi akavuta, mpaka mikono ikamchubuka na Bibi Nyamkia akabanwa kwenye kona na blanketi puani. Mwisho Fisi akampa kifuko cha mbegu. "Kesho panda," akasema. "Na usipoteze hata moja."

Jioni ile Nyani akaja kubisha hodi kwa Fisi. Nyani ndiye aliyekuwa anunue mavuno. Wakakaa chini kula, na Kindi juu akawa ananyonyesha, sikio liko kwenye ufa wa mbao.

"Mpango mzuri," Nyani akasema. "Lakini Kifaru je? Afande akikukamata?"

"Anikamate mimi? Mimi naishi chini. Vya darini ni vya aishiye darini. Nitasema ni vya Kindi."

"Na watoto wake?"

"Kwani nani atakuwapo kuwahesabu? Hii hii hiii!"

Kindi akaganda. Kitoto kimoja kikaachwa kinanyonya hewa. Alikuwa amekubali kuwa mtumwa, sawa, dunia ina watumwa wengi. Lakini kufungwa kwa kosa la mtu, na wanawe kuachwa na mwenye kuwatia chumvi!

Akamweleza mama yake kwa kunong'ona. Bibi Nyamkia akaingiza mkono kwenye vitambaa vyake, akatoa tonge la nguo lililofungwa fundo.

"Nilizichukua kwetu tulipohama," akasema. "Mbegu za bamia. Jani lake huyu Fisi hawezi kulitofautisha na lile lake, akiwa huko chini na shingo yake ile."

Asubuhi Kindi akapanda bamia kwenye ndoo zote. Na mbegu za Fisi? Akaweka kikaango motoni, akazikaanga, wakazitafuna yeye na mama yake, kachu kachu kachu. Zilikuwa tamu kama ufuta. Msiniulize mimi nimejuaje.

Basi taa ikawaka, feni ikazunguka vuuu, vuuu, Kindi akamwagilia, chururu, chururu. Na bamia haijui kama iko darini; ikapewa joto, ikaota.

Kila siku Fisi husimama chini ya tundu na kuimba:

"Kindi, Kindi wa darini,
mali yangu imefika wapi?"

Na Kindi humjibu:

"Baba, baba wa ukumbini,
mali yako imefika kifundoni!"

Fisi hucheka, hii hii hiii, akaenda zake chopi, chopi.

Zikapita siku.

"Kindi, Kindi wa darini,
mali yangu imefika wapi?"

"Baba, baba wa ukumbini,
mali yako imefika gotini!"

Zikapita nyingine, ikafika kiunoni. Fisi akataka kuona. Kindi akainamisha jani moja kwenye tundu, pana, lenye vidole kama kiganja. Fisi akanyoosha shingo, akaona vidole, machozi yakamlengalenga. "Lo! Kama mwanangu," akasema.

Lakini shamba ni shamba. Siku moja ua likachanua, likanyauka, likapenya kwenye ufa likamdondokea Fisi kwenye supu. Ua la manjano, moyo wake mwekundu.

"Kindi! Hiki nini?"

Kindi juu akashika kifua. Akatazama vitoto vyake; siku hizo macho vimefumbua, vinamtazama.

"Ni ukali huo, baba! Ikiwa kali mno hutoa ua."

"Kali mno?"

"Mno!"

Fisi akalila lile ua pamoja na supu, akaketi kungojea kulewa. Baada ya kitambo akasema, "Kweli, nasikia kizunguzungu." Akaenda kumwita Nyani aje kesho kuchukua mzigo.

Kesho! Na bamia zenyewe zimeshaanza kuning'inia. Kindi akajua mlango mmoja tu ndio umebaki. Akashuka kwa nje, akakimbia juu ya mapaa, paa hili, paa lile, mpaka kwa Afande Kifaru.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Nani huyo?" Maana Kifaru macho yake ni mabovu, haoni mbali ya pembe yake.

"Mimi Kindi, mpangaji wa Fisi. Nasikia maneno maneno mtaani, ati kuna shamba darini kwetu. Njoo ukague, afande, mbele ya watu, maneno yaishe."

Kesho yake mchana Nyani anafika na magunia yake, na Kifaru naye anafika, du! du! du! na mtaa mzima nyuma yake. Nyani akayatupa magunia, akaruka uzio, hakuonekana tena.

"Hodi!"

Fisi akafungua mlango, akaiona pembe, mkia ukamwingia katikati ya miguu.

"Kuna nini darini?" Kifaru akauliza.

"Da... darini?"

"Kindi! Teremsha kilichomo!"

Kindi akaifunga ndoo kamba, akaiteremsha polepole. Kwii, kwii, kwii. Majani yakatokea kwenye tundu, mapana, ya vidole. Watu wakashika midomo. Kifaru akakodoa macho yake mabovu.

"Majani haya nayajua!" akanguruma. "Shamba hili la nani?"

"Si langu!" Fisi akapiga kelele. "La Kindi! Naapa kwa mama yangu! Ndoo zake, udongo wake, taa yake, feni yake, na dari yenyewe ni yake! Mimi huko juu sina hata unyoya!"

Kindi akashuka, akasimama katikati ya ukumbi, mdogo kama ngumi.

"Afande, umemsikia? Shamba ni langu?"

"Nimemsikia."

"Jirani zangu, mmemsikia? Dari ni yangu?"

"Tumemsikia!"

"Baba mwenye nyumba, huna neno la kuongeza?"

"Lako!" Fisi akasema. "Lako, lako, lako!"

"Ahsante, baba. Afande, tafadhali nusa."

Kifaru akainamisha pua. Macho ni mabovu, ndiyo, lakini pua! Nus. Nus. Nus nus nus. Akachuma kitu kilichokuwa kikining'inia, akatafuna. Utelezi ukamning'inia mdomoni kama uzi, na kila alivyouvuta ukazidi kuwa mrefu.

"Bamia," akasema.

"Bamia?" mtaa ukasema.

"Bamia?" Fisi akasema, akaketi.

"Bamia za Bi Kindi," Kifaru akasema, "darini kwa Bi Kindi. Nitakayemsikia akimsumbua Bi Kindi, tutaonana." Akaomba za kupeleka nyumbani, akapewa, akaenda zake, du, du, du.

Jioni Kindi akachungulia kwenye ufa. Fisi ameketi peke yake mbele ya jiko, hakuwasha hata moto. Alikuwa anafuta mchoro mwingine kwenye majivu kwa kiganja, taratibu. Kindi akageuka, akatazama sufuria yake iliyokuwa ikitokota, bamia na nazi. Akapakua bakuli, akaliteremsha kwa kamba.

Fisi akalitazama bila kulishika.

"Kindi."

"Abee."

"Mbegu zangu zilikwenda wapi?"

"Tulizila, baba."

"Zote?"

"Zote."

Mvua ikaanza tena juu ya bati.

"Ungeniacha wanikamate," Fisi akasema.

"Kwa kosa gani? Hukulima kitu."

Fisi akavuta bakuli karibu, akaonja, utelezi ukamfuata mpaka kidevuni. Akaufuta.

"Ugali mnao huko juu?" akauliza.

Hadithi imefika mwisho wake. Iliyo tamu gawaneni, iliyo chachu niachieni mwenyewe nitaitia sukari.

Na funzo lake, watoto, shikeni sana: mpangaji asimdanganye mwenye nyumba, kwani uongo haumfikishi mtu popote, isipokuwa darini, bure, na feni inazunguka. Muwe wakweli kama Fisi, maana mtaa mzima ule siku ile, ni yeye peke yake aliyeapa kwa mama yake na kiapo kikawa kweli.