Mkate wa Bi Zamzam

Wekeni mkono kifuani mniapie kwamba haya hayatavuka kizingiti hiki. Mmeapa? Ahsanteni. Mimi nami niliapishwa vivyo hivyo, na jirani yangu ameshayapata tangu asubuhi.

Inasimuliwa kwamba katika nchi moja ya visiwa, Rais wa kwanza, Sheikh Burhani, alikuwa na mke mcha Mungu aitwaye Bi Zamzam, Mola amrehemu. Wakoloni walipomfunga mumewe, wajane wa mtaani ndio waliomlishia wanawe, kila Ijumaa wakimletea mkate wa kumimina wa moto. Akaweka nadhiri: mume akirudi salama, naye atawapikia wajane wale kila Ijumaa, kwa mkono wake, kwa siri, kwa ajili ya Allah.

Mume akarudi, akawa Rais. Lakini Ikulu ina mambo yake! Msimamizi wa nyumba, Bwana Feruzi, aliyezoea kumtumikia gavana, akamwambia, "Mama, mke wa Rais hashiki mwiko. Mikono yako sasa ni ya kupokea maua."

Bi Zamzam akaitikia kwa adabu, lakini nadhiri hakuiacha. Mchele na nazi za shambani kwake akaviingiza kwa mlango wa nyuma, unga akauumulia chini ya kitanda.

"Zamzam," Sheikh husema, "mbona chumba kinanuka hamira?"

"Pumzika, mume wangu, leo Ijumaa."

Wanaume wakienda msikitini, yeye hujifungia jikoni akapika, akajitanda buibui, akawapelekea wajane wake. Alhamdulillah, mwaka ukapita.

Ijumaa moja asubuhi Bwana Feruzi akakuta machicha makavu kwenye mbuzi ya kukunia nazi, na makombo ya mkate usiopikwa Ikulu. Akamgeukia mpishi, Mzee Ngwali.

"Unapika mikate ya biashara kwenye jiko la serikali!"

"Haki ya Mungu, Bwana, Ijumaa mimi huwa safu ya kwanza msikitini!"

"Ya kwanza kuingia au kutoka? Leo tukimaliza swala, unafukuzwa mbele ya watu wote."

Bi Zamzam alikuwa dirishani, akayasikia yote. Angeweza kuacha kupika Ijumaa ile, nani angejua? Angeweza kumnong'oneza mumewe, mzee akasamehewa. Lakini angesamehewa kama mwizi, na mvi zake zile! Nadhiri ni ya siri, akajiambia, ila Mola hapendi siri inayomvunjia mja wake heshima. Akasema Bismillahi, akawasha moto, na mlango hakuufunga.

Watu wakarudi kutoka msikitini, mawaziri kwa watumishi, wakakusanyika uani. Mzee Ngwali amesimama katikati, kofia mkononi. Mara moshi ukatoka jikoni.

"Ngwali si huyu hapa?" mtu akauliza.

"Basi huyo ni mwenziwe!" Bwana Feruzi akapiga kelele. "Njooni nyote mumwone mwizi!"

Akausukuma mlango. Juu ya mbuzi ameketi mke wa Rais, kanga kiunoni, machicha hadi viwikoni, masizi puani.

"Mwizi ni mimi," akasema. "Mzee Ngwali, niwie radhi."

Mzee akafuta machozi, kisha akaruka. "Nimekuwia radhi, Bi Mkubwa, lakini mkate unaungua!"

Sheikh Burhani akavuta pumzi ndefu. "Kumbe ndiyo ile hamira!" Akakunja mikono ya kanzu, akayaondoa makaa yaliyo juu ya mfuniko.

Tumshukuru Mola kwa mja aliyekubali kuumbuka mbele ya serikali nzima, ili mwenziwe arudi kwao na kofia yake kichwani.