Siku Pantoni Ilipolala Ubavu

Baraza lisilo mbishi hulala ubavu. Ndivyo alivyowaambia mwenyekiti wa kata jana, mlipokwenda kumshtaki Havijawa mkitaka atolewe katika kikundi chenu cha bustani kwa sababu kila mnalopanga analipinga. Sasa mmekuja kuniuliza mimi neno hilo limetoka wapi, kana kwamba mimi ndiye niliyelitunga. Sikulitunga, wajukuu zangu, ila linanihusu kuliko mnavyodhani. Kaeni. Shamte, shika ungo huo tuchague mchele huku nikiwasimulia, maana mdomo wako najua hautatulia mikono ikiwa mitupu.

Enzi hizo wilaya yetu ya Luhenda ndiyo kwanza ilikuwa imepata halmashauri yake. Mto umeigawa wilaya katikati kama mnavyouona leo: huku kwetu mashariki mashamba ya mpunga, kule ng'ambo ya magharibi barabara na zahanati. Madiwani walitoka pande zote mbili, nusu kwa nusu, na jambo la kwanza walilogombania lilikuwa mahali pa kukutania. Wa mashariki walisema hawawezi kuitwa ng'ambo kama washtakiwa. Wa magharibi walisema hivyo hivyo. Kila upande ukajenga ukumbi wake, ukauezeka vizuri, na popo wakahamia humo kwa furaha.

Mwenyekiti wa kwanza, Mzee Mtulia, ndiye aliyepata dawa. Alisema mto hauna mwenyewe, basi na wakutane mtoni. Tulikuwa na pantoni ya kuvushia watu, mbao ndefu zilizofungwa juu ya mitumbwi miwili mikubwa, ikivutwa kwa kamba nene iliyofungwa ukingo huu na ule. Siku ya kikao pantoni ilivutwa hadi katikati ya mto, ikasimamishwa hapo, na madiwani wakakaa juu yake wakijadili mambo ya wilaya huku viboko wakiwatazama kwa mbali.

Kura zilipigwa kwa miguu. Mwanzoni walijaribu kunyoosha mikono, lakini mikono ilikuwa na ujanja wake. Mtu alinyoosha nusu, na akibanwa baadaye alisema alikuwa akijikuna. Basi ikawa desturi kwamba anayekubali anasogea upande wa mashariki wa pantoni, anayekataa anasogea upande wa magharibi. Mwenyekiti anabaki kati, anangoja pantoni itulie, halafu anahesabu. Kura zikiwa sawa kwa sawa, jambo linabaki lilivyokuwa.

Na karibu kila mara zilikuwa sawa. Wa ng'ambo hii wakitaka kisima, wa ng'ambo ile wanakataa. Wale wakitaka soko, hawa wanakataa. Watu walilalamika kwamba halmashauri haina maendeleo, na kweli haikuwa nayo. Lakini pantoni ilikaa sawa muda wote, na hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini.

Kati ya madiwani alikuwemo mwanamke mmoja tu, Bi Tatu binti Mkumba wa Mbwego, mkaushaji samaki. Alikuwa mama wa mwili hasa. Akipanda mtumbwi, wengine walisubiri wa pili. Naye kila hoja ikitolewa, hata ikitoka upande wake mwenyewe, alikuwa na "lakini" yake. Mvua ikikawia je? Fundi akiugua je? Walimchoka wakamwita Bi Lakini, naye akaitika jina hilo bila kununa.

Basi mwaka mmoja, kiangazi kikiwa kinaelekea ukingoni, akaja mkandarasi kutoka mjini. Alisema atatujengea daraja. Alichotaka kwanza ni pantoni yetu, aende nayo chini ya mto akavushie vifaa vya kazi yake nyingine. Daraja, alisema, litakuwa tayari kabla ya masika.

Jamani, furaha iliyokuwepo! Tangu halmashauri izaliwe, ng'ambo zote mbili hazikuwahi kutaka kitu kimoja. Daraja kila mtu alilitaka. Aliyeitoa hoja alikuwa Bwana Ungando wa Kipera, kijiji hiki hiki chetu, kijana msemaji ambaye mkewe alikuwa na mimba yake ya kwanza. Alizungumza vizuri mpaka madiwani wa magharibi wakampigia makofi, jambo ambalo halijapata kutokea.

Bi Tatu akasimama.

"Daraja nalitaka," akasema. "Lakini pantoni isiondoke mpaka tuvuke juu ya hilo daraja kwa miguu yetu."

"Hilo lakini lako leo liweke kapuni, mama," Ungando akamwambia. "Mkandarasi haji mara mbili."

"Usiache mbachao kwa msala upitao, mwanangu. Mkeo atajifungua masika, na zahanati iko ng'ambo ile. Utamvusha kwa ahadi?"

Ungando akacheka, na wenzake wakacheka naye.

Mzee Mtulia akaita kura. Madiwani wakaondoka kwa kishindo kuelekea upande wa mashariki, wa huku na wa kule, wakikumbatiana na kuimba kwamba umoja ni nguvu. Bi Tatu akabaki peke yake upande wa magharibi, amekaa juu ya ukingo wa ubao, amekunja mikono.

"Njoo, Bi Tatu!" wakamwita. "Leo tuwe kauli moja! Usituharibie siku!"

"Sitoki hapa," akasema.

Hapo pantoni ikalia. Wale wa upande wa mashariki waliona maji yakipanda vidoleni, kisha vifundoni. Mtumbwi wa chini yao ulikuwa umezama mdomo na maji yalikuwa yakiingia kwa wingi. Mbao zikainama na wimbo ukakatika. Mpendu, mvuta kamba, akatazama upande wa pili, akaona mtumbwi wa magharibi umeinuka, na kitu pekee kilichouzuia usipinduke ni Bi Tatu na uzito wake.

"Mama!" akapiga kelele. "Usisogee! Ukisogea tumekwisha!"

Sasa wale wale waliokuwa wakimwita aje wakaanza kumlilia abaki. "Kaa hapo hapo, Bi Tatu! Tafadhali, mama yetu, kaa!"

Bi Tatu akawatazama.

"Nyinyi nanyi," akasema. "Nije au nisije? Amueni."

"Usije!" wakajibu wote kwa pamoja, na hiyo ndiyo kauli moja waliyoipata siku ile.

Mpendu akawapanga. Nusu wabaki walipo, wameshika mbao, wakichota maji kwa kofia. Nusu watambae mmoja mmoja hadi kwa Bi Tatu, kwa sababu ule mtumbwi uliojaa maji haungeweza kuwabeba wote. Wa kwanza kutambaa alikuwa Bwana Ungando. Alikwenda kwa magoti, suti imelowa, na alipofika alishika pindo la kanga ya Bi Tatu kama mtoto sokoni, asiliachie. Kila aliyefuata, mbao zilinyooka kidogo, mpaka pantoni ikakaa sawa tena. Hakuna aliyetumbukia, na hata kiatu hakikupotea. Wengine walicheka, wengine walilia, na wapo waliofanya yote mawili.

Mzee Mtulia, ambaye muda wote huo alikuwa amekumbatia nguzo ya kati, akajifuta uso.

"Pantoni imetulia," akasema. "Nahesabu kura."

"Mwenyekiti, kura gani tena?" mmoja akauliza.

"Desturi ni kuhesabu pakitulia, na sasa pametulia. Huku nusu, huku nusu. Sawa kwa sawa. Jambo linabaki lilivyokuwa, na pantoni haiendi popote." Kisha akamgeukia Bi Tatu, akamwinamia. "Tulidhani wewe ndiye unayeturudisha nyuma. Kumbe baraza lisilo mbishi hulala ubavu."

Hakuna aliyebisha, hata Bi Tatu.

Mkandarasi aliposikia kwamba hapewi pantoni, alipigilia vigingi vichache ukingoni, akaaga kwamba anafuata vifaa, na hatukumwona tena. Masika yakaja mapema. Maji yakabeba vile vigingi, yakafunika mashamba, na mto wetu ukawa mto ambao mtu mwenye akili hauvuki kwa mtumbwi mdogo. Asubuhi moja ya mvua mke wa Ungando akashikwa na uchungu, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mkunga wa kijiji akasema huyu ni wa zahanati. Wakamlaza kwenye pantoni. Mpendu akavuta kamba, Ungando akavuta naye mpaka viganja vikachubuka, huku akisema peke yake, "Ipo. Alhamdulillahi, ipo." Walifika. Mama alipona, na mtoto alipona.

Daraja lilijengwa baadaye sana, na mjenzi mwingine kabisa. Mtoto huyo alikuwa ameota meno, yameng'oka, na yameota mengine.

Mnanitazama hivyo kwa nini? Shamte, si wewe uliyekuwa ukiniuliza tangu ukiwa mdogo, "Bibi, Tatu ni jina la mzaliwa wa tatu, na wewe ni wa kwanza kwa baba yako, imekuwaje?" Imekuwa hivyo. Bwana Ungando alinibeba nikiwa na siku chache, akaniweka mapajani mwa mama yule mnene wa Mbwego, akamwambia, "Huyu ni wako. Mpe jina." Naye Bi Tatu akacheka, akasema, "Nampa langu. Lakini msimfundishe kukubali kila kitu."

Basi weka ungo chini, Shamte. Nenda kwa akina Havijawa ukamwambie kikao chenu kesho hakianzi bila yeye, na akifika mumwachie nafasi ya kukaa upande wake. Baraza lisilo mbishi hulala ubavu.