Mwavuli wa Jumbe Mwinchande

Ukipewa mwavuli, usitoe nyumba. Mnacheka? Chekeni tu, wajukuu zangu, lakini aliyesababisha methali hii hakucheka. Ilikuwa hivi.

Mji wa Kitopeni ulitawaliwa na Jumbe Mwinchande, mtu mwema, ila kwa kupenda kuonekana hakuwa na mwenzake. Utawala wake wote ulikuwa barazani kwake. Hapo kahawa ilinywewa, na hapo kesi ziliamuliwa.

Ikaja Kampuni kununua ufuta. Mkubwa wake, Mzungu ambaye watu walimwita Bwana Mizani, akaomba kwa adabu atundike mizani yake pale barazani, ufuta usilowe. Akamzawadia Jumbe mwavuli mweusi wenye mpini wa fedha. Lo! Tangu siku hiyo Jumbe hakutulia nyumbani. Asubuhi yuko sokoni na mwavuli, alasiri yuko sokoni na mwavuli, jua limeshazama naye bado kaufungua.

Mkewe, Bi Mwanashali, alimwonya kuwa baraza haliachwi bila mwenyewe. Jumbe akamwambia wanawake hawajui mambo ya heshima.

Basi wauza ufuta wakigombania uzito, Jumbe hayupo, Bwana Mizani huamua. Punde wakamletea na kesi za mbuzi, na za talaka pia. Akaweka askari wa kutuliza makelele. Askari nao wakataka pa kulala, wakapewa vyumba vya ndani. Kila ombi Jumbe alilikubalia njiani, maana alikuwa na haraka ya kwenda kuonekana. Hata bendera ya Kampuni ilipopandishwa juu ya paa, yeye aliisifu rangi yake.

Siku moja ikanyesha mvua kubwa, Jumbe akakimbilia kwake. Askari akamzuia mlangoni, akamwambia asiye na kesi haingii.

"Hii ni nyumba yangu," Jumbe akasema, "na mji huu ni wangu."

Bwana Mizani akachungulia dirishani. "Ulikuwa wako, Jumbe. Sasa ni wa Serikali."

"Serikali gani? Ninyi si wanunuzi wa ufuta?"

"Ufuta bado tunanunua," akajibu kwa upole. "Nawe mvua isikutishe. Mwavuli si tulikupa?"

Hapo Bi Mwanashali akatokea uani, naye pia amefukuzwa, chungu kichwani na mkeka kwapani. Akajipenyeza chini ya mwavuli.

"Sogea, Jumbe," akasema. "Nami ni raia wako, tena nimebaki peke yangu."

Jumbe akasogea, bega lake moja likalowa chepechepe. Mkewe akamtazama, akayasema maneno ambayo mji mzima uliyashika: ukipewa mwavuli, usitoe nyumba.